Sista, usitume tasnifu nzima: andika pendekezo la kitabu

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Mzee. Mimi ni mtawa, nafundisha historia ya Kanisa chuoni huku Songea. Mwaka juzi nilihitimu uzamivu Nairobi. Tasnifu yangu, niliyoiandika kwa Kiingereza, inahusu makatekista wa Ungoni walioendesha sala, mafundisho na maziko wakati mapadre wa Kijerumani walipoondolewa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Niliituma yote, kurasa 412, kwa mchapishaji mdogo wa Kikatoliki anayetoa vitabu vya kitaaluma. Huu ni mwezi wa nane sijajibiwa. Wakati huohuo kampuni moja ya nje imeniandikia kwamba iko tayari kuichapisha ndani ya wiki chache. Wenzangu wanasema nilipaswa kutuma proposali kwanza. Hiyo proposali ya kitabu inaandikwaje? Niikubali hiyo kampuni ya nje? Na je, nikiandika kwa Kiswahili nitakuwa nimejishusha?

Jibu: Milele amina, Sista. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote nikuambie kwamba kitabu hicho ninakitamani. Nilikaa miaka kumi na tisa kwenye kiti cha mhariri wa mchapishaji mdogo wa vitabu vya dini. Tasnifu kuhusu maaskofu na waanzilishi wa misheni zilipita mikononi mwangu nyingi. Kuhusu katekista, yule aliyebaki na funguo za kanisa la nyasi padre alipochukuliwa, zilikuwa chache mno. Kwa hiyo kimya ulichokipata usikihesabu kuwa hukumu juu ya kazi yako. Inaelekea zaidi kwamba hakuna aliyeifungua.

Mchapishaji wa namna hiyo ni watu watatu au wanne. Mhariri mara nyingi ana kazi nyingine: ni padre mwenye parokia au mhadhiri mwenye vipindi. Zikimfikia kurasa 412 kwa barua pepe yenye mstari mmoja wa “tafadhali pokea kazi yangu,” anajiambia atazisoma akipata nafasi, na nafasi haiji. Nami nilifanya hivyo. Wako waandishi ninaodaiwa radhi mpaka leo kwa miswada iliyolala kwenye kabati langu.

Pendekezo ndilo dawa ya jambo hilo, lakini ni lazima uelewe linakwenda wapi. Wengi hudhani linaandikwa ili mhariri apendezwe. Mhariri kupendezwa ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo analibeba hadi kikao cha bodi, ambacho kwa wachapishaji wadogo hukaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na huko ndiko kitabu hukubaliwa au hukataliwa. Wewe humo hutakuwemo. Atakuwemo mhasibu anayetaka kujua nakala zitanunuliwa na nani. Atakuwemo msomi atakayeuliza kuna jipya gani. Na katika wachapishaji wetu wa Kanisa, atakuwemo mtu wa shirika au wa jimbo anayetaka uhakika kwamba kitabu hakitazua ugomvi ambao ungeweza kuzuilika. Mhariri wako anapewa dakika kumi mbele yao, na atakayoyasema ni yale uliyomwandikia. Pendekezo basi ni kumpa mtu mwingine maneno ya kukutetea mahali ambapo huwezi kujitetea. Kila karatasi utakayoweka humo, jiulize inamjibu nani katika chumba kile.

Anza na barua, ukurasa mmoja. Sisi tumelelewa na barua za ofisini: YAH: OMBI LA KUCHAPISHIWA KITABU, kisha “husika na kichwa cha habari hapo juu,” kisha jina lako, chuo chako, shahada zako, na mwishoni kabisa kitabu chenyewe. Acha mtindo huo hapa. Huombi kazi wala ruhusa. Unampelekea mtu kitu anachokihitaji, maana mchapishaji asiye na miswada hana kazi. Kitabu kiingie kwenye sentensi ya kwanza. Kwa habari ulizonipa, mimi ningeanza hivi:

“Mapadre Wabenediktini wa Kijerumani walipoondolewa Ungoni wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wakristo hawakuacha kukusanyika. Kitabu hiki kinaonyesha kwamba makatekista waliowaongoza hawakuwa walinzi wa muda wa kazi ya watu wengine. Waliamua nani abatizwe, maziko yaweje na ndoa ipi ipokelewe, na wamisionari waliorudi baada ya vita walikuta Kanisa ambalo tayari lilikuwa na mazoea yake.”

Utarekebisha kulingana na ulichokiona kwenye utafiti. Ninachotaka ukione ni tofauti ya mada na hoja. Mada yako ni makatekista wa Ungoni. Hoja yako ni kile unachodai juu yao, kitu ambacho msomi mwenzako anaweza kukibishia. Mapendekezo mengi niliyokataa yalikuwa na mada nzuri bila hoja: “kitabu hiki kinachunguza mchango wa…” Ukishaandika neno mchango umeshakwepa kusema. Mchango gani? Ulibadili nini? Bila wao kungekuwaje? Kaa na swali hilo hata wiki mbili, kwa sababu ukilipata jibu lake kwa sentensi tatu, sehemu zote zilizobaki zitaandikika, na usipolipata, kurasa ishirini za maelezo hazitakusaidia.

Sasa jambo zito kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Tasnifu si kitabu. Tasnifu uliiandikia watu wasiozidi watano ambao kazi yao ilikuwa kukutilia shaka, na kila ukurasa wake unajikinga. Ndiyo maana ina sura ya mapitio ya maandiko, ambamo unaonyesha kwamba umesoma, na sura ya mbinu za utafiti, ambamo unaonyesha kwamba hukubuni. Ulihitaji kuzithibitisha zote mbili, na umeshathibitisha, cheti unacho. Msomaji aliyetoa fedha yake hataki kukupima. Anataka kumjua huyo katekista.

Kwa hiyo sema waziwazi kwenye pendekezo kwamba kazi ilizaliwa na tasnifu (usifiche, watagundua kwa dakika moja kwenye maktaba ya chuo), halafu eleza umeifanya nini au utaifanya nini. Mapitio ya maandiko yavunje: yale yanayogusa hoja yako yaingie kwenye tanbihi na kwenye kurasa chache za utangulizi, mengine yaachie tasnifu. Mbinu za utafiti usizitupe zote. Ulivyowapata wajukuu wa makatekista, ulivyoketi nao, walivyokataa kusema mpaka nani awepo, hayo ni masimulizi, na yanaufanya ushahidi wako uaminike zaidi kuliko jedwali la idadi ya watafitiwa. Majedwali toa. Mihtasari mwanzoni na mwishoni mwa kila sura toa. Sentensi ya “kama ilivyoelezwa katika sura iliyotangulia” ifute kila unapoikuta.

Jina nalo libadilike. Jina la tasnifu hubeba eneo, miaka, uchunguzi kifani na nukta mbili ndani yake. Kitabu kinahitaji jina ambalo mwalimu atalikumbuka akiwa dukani bila karatasi. “Walioshika Funguo,” na chini yake kwa herufi ndogo “Makatekista wa Ungoni bila mapadre,” ni mfano tu. Wewe utapata la kwako.

Urefu utaje kwa idadi ya maneno. Kurasa hazina kipimo, maana kurasa zako 412 zenye mistari iliyoachana si kurasa za kitabu. Hesabu kwenye kompyuta. Nikikisia zitakuwa maneno zaidi ya laki moja. Mchapishaji mdogo akiona maneno 80,000 pamoja na tanbihi na marejeo anapumua. Sababu ni gharama: vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, kwa kawaida kurasa 16 kila mkunjo, na kila mkunjo unaoongezeka ni karatasi, wino, kushona, na uzito wa kusafirisha kutoka Nairobi au Dar hadi Songea. Kitabu kinene kinapanda bei mpaka mseminari hawezi kukinunua, na mhasibu anajua hilo kabla hujamaliza kusema. Sema pia utakuwa na picha ngapi na ramani ngapi. Ramani moja nzuri ya vituo vya misheni ni ya lazima kwa kitabu chako. Picha kumi na mbili si za lazima.

Baada ya barua, weka yaliyomo: kila sura na aya yake moja ya maneno mia moja hivi, ikieleza sura inadai nini na inatumia ushahidi gani. Hapa mhariri anatazama kama sura zinasukumana au zimepangwa tu kama viti ukumbini. Ukiweza kubadilishana sura ya tatu na ya tano bila mtu kugundua, bado hujapata mpangilio.

Kisha inakuja sehemu ambayo karibu kila mtu huiandika vibaya: wasomaji. “Kitabu hiki kitawafaa wasomi, mapadre, watawa, wanafunzi na jamii kwa ujumla.” Mhasibu akisikia hivyo anafunga faili, kwa sababu jamii kwa ujumla haijawahi kuingia dukani kununua kitabu cha historia ya Kanisa. Taja mahali. Seminari kuu za Peramiho, Kipalapala na Segerea zinafundisha historia ya Kanisa. Waulize walimu wake somo hilo lina wanafunzi wangapi kwa mwaka na sasa wanatumia kitabu gani. Vyuo vya makatekista vipo, na kitabu chako ni historia yao wenyewe. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na kuchomwa katika Vita ya Majimaji mwaka 1905. Parokia zilizozaliwa kutoka misheni hizo za kwanza zinafika kwenye jubilei moja baada ya nyingine, na kwenye jubilei watu hununua vitabu kwa ajili ya familia zao, hasa kitabu chenye jina la babu. Wapo WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na jumuiya ndogondogo wanaotafuta masimulizi ya kusoma pamoja. Wapo wanahistoria wa misheni walioko Ujerumani, kwa kuwa kumbukumbu nyingi za Wabenediktini ziko kwenye abasia ya St. Ottilien huko Bavaria. Kila kundi liandikie mstari mmoja wa jinsi ya kulifikia na nini utafanya wewe mwenyewe: utazungumza wapi, utapeleka nakala kwa nani. Usiahidi usichokiweza. Watu kumi unaoweza kuwapigia simu wana nguvu kuliko “maelfu ya waamini.”

Jirani na hapo weka vitabu vilivyo karibu na chako, vinne mpaka sita. Tafadhali usiandike kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya jambo hili. Ulikuwa mstari wa fahari kwenye tasnifu, lakini mhasibu ataelewa kwamba hakuna anayetaka kulisoma. Sema hiki kinaeleza misheni kwa macho ya wamisionari, kile kinaishia mwaka 1907, kingine kinahusu makatekista wa Uganda. Kisha sema: changu kinasimama hapa. Waheshimu waliokutangulia. Mmojawao huenda ndiye atakayepewa mswada wako kuupitia.

Kuhusu upitiaji, pendekeza wewe mwenyewe majina matatu ya watu wanaoweza kuupima mswada, na usimweke msimamizi wako wala mtahini wako. Kwa kazi yako tafuta mmoja anayesoma Kijerumani na amefanya kazi na shajara za misheni, na mmoja anayejua historia ya Wangoni hata kama si mtu wa Kanisa. Wachapishaji wadogo huhangaika sana kupata wapitiaji, na orodha nzuri huokoa miezi.

Wasifu wako uwe nusu ukurasa. Tarehe ambayo mswada kamili utakuwa tayari itaje, kisha ongeza miezi mitatu juu yake.

Sura ya mfano: watu hutuma utangulizi kwa sababu ndio wa kwanza. Tuma sura yenye mtu ndani yake. Nitarudi kwenye hilo mwishoni.

Sasa wewe ni mtawa, na hili lina mambo yake ambayo mwandishi mlei hayamgusi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 832, inamtaka mtawa anayechapisha maandishi yanayohusu dini au maadili apate pia ruhusa ya mkuu wake mkubwa, kwa kufuata katiba ya shirika lake. Ipate mapema, kwa maandishi, na uitaje kwenye barua kwa sentensi moja. Nimeona kitabu kilichokwisha kupangwa kurasa kikisimama mwaka mzima kwa sababu mama mkuu alisikia habari zake kutoka kwa mtu wa nje. Idhini ya askofu ni jambo lingine. Kanuni ya 827 inasema vitabu vya Maandiko, teolojia, sheria ya Kanisa na historia ya Kanisa havitumiki kuwa vitabu vya kufundishia shuleni na vyuoni bila kibali cha mamlaka ya Kanisa, kiwe kimetolewa kabla ya kuchapwa au baadaye. Kwa vitabu vya mada hizo visivyo vya kufundishia, kupeleka mswada kwa askofu kunashauriwa tu. Kwa kuwa unataka seminari zikitumie, kibali utakihitaji, na kanuni ya 824 inakuruhusu kukiomba kwa askofu wa mahali unapoishi au wa mahali kitabu kinapochapishwa. Hakiombwi wakati wa pendekezo, maana askofu hupelekewa mswada uliokamilika. Andika tu kwamba unajua na uko tayari. Yule mtu wa jimbo kwenye kikao atatulia.

Ruhusa za kawaida nazo zipo. Picha na barua kutoka kwenye kumbukumbu za abasia zinahitaji kibali cha maandishi cha wenye kumbukumbu hizo. Wazee uliowahoji walikubali utafiti. Je, walikubali majina yao yawe kwenye kitabu kinachouzwa? Rudi kwao ukiweza. Kwa waliofariki, zungumza na watoto wao.

Twende kwa hiyo kampuni ya nje. Sista, Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo watu wanayachanganya: mchapaji na mchapishaji. Mchapaji ana mashine. Unamlipa, anakutolea nakala, na hajali umeandika nini. Mchapishaji anachagua, anasoma, anakusahihisha, anaweka jina lake kando ya lako na kuhatarisha fedha. Kuna kampuni zinazojiita wachapishaji ambazo hukusanya majina ya wahitimu kutoka kwenye hazina za tasnifu za vyuo vikuu na kuwaandikia wote barua ileile ya sifa. Hakuna aliyeisoma kazi yako, wala hakuna atakayeihariri. Itawekwa sokoni kama ilivyo, kwa bei ambayo hakuna maktaba ya seminari itakayoilipa, na wewe utakuwa umetia saini kuwapa haki ya kuichapisha. Hasara inakuja baadaye: mchapishaji wa kweli akiona maandishi hayohayo yameshatoka kwingine hatayagusa, na kamati za kupandisha vyeo chuoni zinazidi kuzijua kampuni hizo. Waandikie swali moja: nani ataupitia mswada wangu, na baada ya kuupitia mnaweza kuukataa? Wakikosa jibu, au wakijibu kwa sifa zaidi, achana nao.

Ila usije ukadhani kila anayetaja fedha ni tapeli. Wachapishaji wetu wadogo, tena waaminifu, mara nyingi huomba ruzuku: shirika lako linunue nakala mia moja kwa bei ya punguzo, au mfadhili achangie karatasi. Hilo halina aibu, mradi limekuja baada ya wapitiaji kusoma na bodi kukubali, na limeandikwa kwenye mkataba. Kwenye mkataba huo angalia mambo matatu. Kwanza mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ambao kwa vitabu vya kitaaluma huwa mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya mapato halisi, na kwa upande wako utakuwa wa shirika, kwa kuwa kanuni ya 668 inasema anachopata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika lake. Mshirikishe mtunza hazina wenu. Pili, haki zirudi kwako kitabu kikiisha na kisichapwe tena kwa muda uliotajwa. Tatu, na hili nalisisitiza, haki ya lugha: wape Kiingereza tu, Kiswahili kibaki mikononi mwako.

Hapo ndipo swali lako la mwisho linapojibiwa. Hujishushi. Kiswahili cha kuchapwa kilikua kwa kiasi kikubwa mikononi mwa matbaa za dini. Wamisheni Waanglikana wa UMCA walikuwa na gazeti la Kiswahili, Msimulizi, Unguja tangu mwaka 1888, na Biblia nzima ilipatikana kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1891. Lugha iliyobeba Isaya na Waraka kwa Waroma inabeba historia ya makatekista. Kinachokupasa kufikiri ni wasomaji wale uliowaandika kwenye pendekezo. Ukitazama orodha ile vizuri, wengi wanasoma Kiswahili, na watu uliowahoji wote ni wa Kiswahili na Kingoni. Kwa hiyo ningefanya vitabu viwili: cha Kiingereza chenye tanbihi zote, kwa ajili ya wanahistoria na wapitiaji, na cha Kiswahili, kifupi, kilichoandikwa upya kutoka mwanzo, maana tafsiri ya sentensi za tasnifu haitasomeka. Kipi kitangulie kinategemea mchapishaji utakayempata.

Na umtafute anayekufaa kabla hujaandika neno. Soma vitabu vitatu vya kila mmoja. Benedictine Publications Ndanda-Peramiho wako mlangoni pako na wamechapa Kiswahili kwa miaka mingi. Kwa kile kitabu cha Kiswahili ningeanzia kwao. Gaba Publications, iliyohamia Eldoret na jina la Gaba ya Kampala ilikoanzia, inajulikana kwa vitabu vyembamba vya mfululizo uitwao Spearhead. Tasnifu yako nzima haitaingia humo, ila sura mbili zilizopanuliwa zinaweza. Paulines wa Nairobi wana mtandao wa maduka ambao wengine hawana. EOS, matbaa ya abasia ya St. Ottilien yenyewe, imetoa vitabu vya historia ya misheni za Wabenediktini, na huko kazi yako haihitaji kujieleza Ungoni ni wapi. Mzuni Press ya Mzuzu, Malawi, inatoa kazi nyingi zilizotokana na tasnifu za dini, na vitabu vyake huuzwa nje ya Afrika kupitia African Books Collective ya Oxford. Wipf and Stock wa Oregon, Marekani, wana tawi la kitaaluma liitwalo Pickwick na huchapa kadiri ya maagizo, kwa hiyo kitabu hakikosekani, ingawa bei yake ikifika Songea ni nzito. Pendekezo unaweza kulipeleka kwa wawili kwa pamoja ukisema hivyo waziwazi kwenye barua. Mswada kamili upeleke kwa mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu kuna mtu atautolea wiki zake bila malipo au kwa malipo kidogo.

Kuhusu yule aliyenyamaza miezi minane, usimlaumu kwa barua ndefu. Mwandikie hivi: “Mwezi fulani niliwatumia tasnifu yangu kamili. Natambua haikuwa njia inayofaa, na naomba kuiondoa. Badala yake naambatisha pendekezo la kitabu la kurasa kumi na sura moja ya mfano. Mkiona haliwafai, nitashukuru kuarifiwa ndani ya miezi miwili ili nilipeleke kwingine.” Miezi miwili ikipita, kumbusha mara moja. Ikipita mwezi mwingine, uko huru, na huhitaji ruhusa ya mtu.

Ile sura ya mfano niliyosema nitairudia: kwenye barua yako ndefu, ambayo hapa nimeifupisha, umemtaja katekista aliyekuwa akitembea siku nzima kupeleka habari za wafu kituo kwa kituo ili majina yao yasomwe Jumapili. Kwenye tasnifu umemweka sura ya tano, baada ya kurasa 260. Mtume yeye. Jina lake liwe kwenye sentensi ya kwanza.